Swali la Draupadi na Waliobaki Nje ya Baraza

Katika Mahabharata, utendi ambao Wahindu wanauhesabu kuwa na beti kiasi cha 100,000, mna kikao kimoja cha kamari kilichofanyika katika ukumbi wa wafalme wa Hastinapura, na ndani ya kikao hicho mna swali lililoulizwa na mwanamke ambalo wazee wote wenye elimu ya sharia walishindwa kulijibu, na hata utendi unapofika tamati bado halijajibiwa. Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano wa Pandava, alikuwa amekwisha kupoteza hazina yake, ufalme wake, ndugu zake mmoja baada ya mmoja, na mwishowe nafsi yake mwenyewe. Ndipo alipochochewa amweke rehani Draupadi, mke wa ndugu wote watano, naye akamweka, akaliwa. Tarishi alipotumwa kumwita, Draupadi alimrudisha barazani na ujumbe: aulizwe yule mcheza kamari, alijipoteza kwanza yeye au alinipoteza kwanza mimi? Kwani ikiwa alikwisha kuwa mtumwa, mtumwa ana milki gani hata amweke mtu mwingine rehani?

Hakuna aliyejibu. Duhshasana, nduguye Duryodhana, mkuu wa Kaurava waliokuwa mahasimu wa Pandava, alikwenda akamburura kwa nywele, naye akiwa katika siku zake, amejifunga nguo moja tu. Na alipofikishwa mbele ya wakubwa alilirudia swali lake kwa kinywa chake mwenyewe. Bhishma, babu yao wote, aliyesifiwa kwa uadilifu kuliko walio hai, alisema kwamba njia ya dharma, yaani ya haki na wajibu, ni nyembamba mno na yeye hawezi kutoa hukumu. Kijana Vikarna peke yake, katika wana wa upande wa Kaurava, alisimama akatamka kwamba mwanamke huyu hakuliwa kwa haki, na Karna, sahibu wa Duryodhana, akamnyamazisha kwa ukali, akimtusi Draupadi kwa kuwa na waume watano na kuagiza avuliwe nguo. Nguo ikavutwa, ikawa haina mwisho, na mapokeo yakasema ni Krishna aliyemsitiri. Hatimaye mfalme kipofu Dhritarashtra, ambaye dhuluma ilikuwa haijamshtua mpaka aliposikia mbweha wakilia kwa nuksi, alimpa Draupadi ruhusa ya kuchagua tunu, naye akachagua uhuru wa Yudhishthira, kisha uhuru wa wale wanne pamoja na silaha zao, na tunu ya tatu akaikataa kwa hoja kwamba tamaa huiangamiza dharma. Waume watano walitoka utumwani kwa ulimi wa mke wao, na baraza likavunjika bila ya fatwa.

Nimetanguliza kadhia hii kwa sababu imeenea dhana, India kwenyewe na kwingineko, ya kwamba kuzisimulia upya tendi za Kihindi, Mahabharata na mwenziwe Ramayana, kwa upande wa wanawake ni bidaa ya zama zetu, iliyoshushwa bandarini pamoja na vitabu vya Ulaya. Mwenye kusema hivyo hajausoma utendi wenyewe. Swali liliulizwa ndani ya maandiko ya kale, na waandishi wa kike waliokuja baadaye, wengine karne nyingi kabla ya neno lolote la haki za wanawake kusikika Delhi au Kolkata, wamekuwa wakijaribu kulijibu. Majibu yao, hata hivyo, hayana uzito mmoja, nami nitathubutu kusema mbele ya msomaji yapi ninayoyaona mazito na yapi mepesi.

Upande wa Ramayana mambo ni magumu zaidi, maana Sita amelelewa na mapokeo awe kielelezo cha mke mtiifu, wala si muulizaji. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam aliyezoea kuona taa za Divali zikiwashwa milangoni mwa majirani zake Wahindu pengine amekwisha kuelezwa kwamba wengi wao hukumbuka kwa taa hizo kurejea kwa Rama katika mji wake wa Ayodhya, pamoja na mkewe, baada ya miaka 14 ya uhamisho na vita vya Lanka alivyompiga Ravana, mfalme aliyemwiba Sita. Yaliyompata mke huyo kabla ya taa na baada yake hayaelezwi mlangoni. Valmiki, ambaye utendi wake wa beti kiasi cha 24,000 unanasibishwa naye, anasimulia kwamba vita vilipokwisha Rama alimwambia Sita kwamba amepigana kwa ajili ya heshima ya nasaba yake, na kwamba mkewe sasa yu huru kwenda apendako. Na Sita akamjibu kwamba anasema naye kama mwanamume duni asemavyo na mwanamke duni, kisha akaomba kuni, akaingia motoni, na moto ukamrudisha salama. Katika kitabu cha saba, ambacho wataalamu wengi wanakiona kuwa nyongeza ya baadaye, uvumi wa watu wa mjini ulitosha kumfanya mfalme amtoe mkewe mja mzito akaachwe kando ya mto Ganga; akajifungua pacha wawili, Lava na Kusha, katika makao ya Valmiki mwenyewe; na alipoitwa mara ya pili aje aape mbele ya watu, aliiomba ardhi, mama yake, impokee, nayo ikapasuka ikampokea. Hayo ni maneno ya utendi wenyewe. Ikumbukwe pia kwamba kwa mamilioni ya waumini Rama ni Vishnu aliyejitwalia mwili wa kibinadamu, na kwa hiyo anayemlaumu hacheki na shujaa wa hadithi za usiku; anagusa kitu ambacho jirani yake anakiabudu.

Aliyethubutu mapema kumlaumu kwa sauti ya wazi alikuwa mwanamke wa kijijini. Chandravati aliishi katika karne ya 16 katika nchi ya Mymensingh, ambayo leo imo ndani ya Bangladesh, binti wa mshairi Dvija Bangshidas. Na mapokeo yanasema kwamba mchumba wake alimwacha kwa ajili ya mwanamke mwingine, naye akamwomba baba yake asiozwe tena kwa mtu, akajitenga katika ibada ya Shiva na utunzi. Ramayana yake ya Kibengali ni fupi, na inaanzia kwa kuzaliwa kwa Sita, na Rama anangoja zamu yake. Vita vile vikubwa, ambavyo washairi wanaume huvitandaza kwa maelfu ya beti, yeye anamwachia Sita avieleze kwa maneno machache akiwa ameketi na wasichana wenzake, kwa mtindo wa wimbo wa miezi kumi na miwili, yaani mwezi huu nililia hivi, mwezi ule nilingoja hivi. Kisha inakuja hila ya Kukuya, binti wa Kaikeyi, mama wa kambo wa Rama: wifi huyu anambembeleza Sita, ambaye ni mja mzito na mwenye usingizi, amchoree sura ya Ravana kwenye upepeo, maana yeye hajapata kuiona, Sita anakataa, anabembelezwa tena, anachora, anapitiwa na usingizi, na Kukuya anauweka upepeo kifuani mwake na kumwita kaka yake aje atazame. Baada ya hapo mshairi anatoka nyuma ya pazia na kumkemea mfalme kwa jina lake, kwamba ameshika maneno ya watu akapotewa na akili, na kwamba nchi nzima itayalipa.

Wahakiki wanaume waliupima utendi huo wakauona dhaifu na usiotimia, kwa vile haukuwa na vita vya kutosha wala sifa za kutosha za mfalme. Ilimbidi Nabaneeta Dev Sen, mwandishi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Jadavpur aliyefariki mwaka 2019, aeleze kwamba kilichoitwa upungufu kilikuwa ndiyo makusudi ya mtunzi: Chandravati alitunga habari za Sita, na mwenye kutafuta habari za Rama amegonga nyumba siyo. Mimi naongeza kwamba ile hila ya upepeo ni kazi ya fundi. Wapo wanaume wangapi wa tendi waliopata kujua fitina ya wifi inavyopikwa, kwa upole, alasiri, watu wakipunga upepo?

Kusini, kwa Watelugu, wanawake wa nyumba za Kibrahmani wamekuwa na Ramayana yao ya nyimbo, wakiimbiana uani walipomaliza kazi za nyumba, mbali na wanaume waliokuwa wakighani kwa Sanskrit barazani. Na Velcheru Narayana Rao, mtaalamu wa fasihi ya lugha hiyo, alizifanyia uchunguzi nyimbo hizo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1991. Wimbo mmoja unamhusu Urmila, mke wa Lakshmana nduguye Rama, ambaye Valmiki anamtaja kwa uchache mno. Mumewe alipofuatana na Rama msituni, Urmila aliomba naye aende, akakataliwa, akajilaza akalala usingizi wa miaka 14. Lakshmana aliporudi na kuingia chumbani kumwamsha, mke hakumtambua. Alimdhania mwanamume mgeni, akamsomea kwa utaratibu hatima za waliotamani wake za watu, Ravana akiwa mmojawapo, na shujaa wa vita vya Lanka akawa amesimama pale kando ya kitanda anasikiliza waadhi. Ninaupenda wimbo huu kuliko riwaya nyingi, maana haukuhitaji kumtukana mtu yeyote ili useme jambo lake.

Katika karne ya 20 kalamu ilihama kutoka kwa waimbaji ikaenda kwa wasomi. Mwaka 1919 Kumaran Asan, mshairi wa Kimalayalam, alichapisha shairi refu la Sita aliye peke yake akitafakari, siku moja kabla ya kwisha kwa habari yake. Lakini hatua iliyo kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni ya Irawati Karve, aliyezaliwa Burma mwaka 1905 akapewa jina la mto Irrawaddy, akasomea Berlin elimu ya mila na jamii za watu, kisha akafundisha Deccan College mjini Pune. Katika mji huohuo wataalamu wa taasisi ya Bhandarkar walikuwa wakilinganisha nuskha za Mahabharata, kazi iliyoanza mwaka 1919 na kukamilika mwaka 1966, na katika uhakiki wao yalianguka mambo mengi ambayo watu waliyashika kama maandiko, miongoni mwayo ile kejeli ambayo Draupadi anadaiwa kumtupia Duryodhana, kwamba mwana wa kipofu ni kipofu, na ambayo kwayo vizazi vimemtwika yeye lawama ya vita vyote. Nuskha iliyohakikiwa haina maneno hayo. Tamthilia ya televisheni ya B. R. Chopra, iliyotazamwa na India nzima kati ya mwaka 1988 na 1990, iliyarudisha.

Karve aliandika Yuganta, insha za Kimarathi zilizopata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1968, akiwatazama watu wa utendi kama watu, bila ya kuwapigia magoti wala kuwapiga mawe. Gandhari, mke wa Dhritarashtra, aliyejifunga kitambaa machoni maisha yake yote, alikuwa amesifiwa kwa mahaba yake kwa mume kipofu. Karve aliona nyuma ya kitambaa kile ghadhabu ya msichana aliyesafirishwa kutoka mbali kuolewa bila ya kuambiwa kwamba bwana harusi haoni. Jambo ambalo wengi hupita haraka katika kitabu hicho ni insha inayohusu kuchomwa kwa msitu wa Khandava, ambapo Krishna na Mpandava Arjuna, mashujaa wapendwa, waliuteketeza msitu pamoja na viumbe na watu wake, wakiwarudisha motoni waliojaribu kutoroka, ili kumshibisha Agni, mungu wa moto. Karve hakuweza kuwaachilia. Msituni nitarudi.

Riwaya zilifuata kwa wingi. Pratibha Ray alitoa Yajnaseni kwa Kiodia mwaka 1984, na aliijenga juu ya wazo kubwa: Draupadi ameanguka njiani katika safari ya mwisho ya kupanda Himalaya, waume zake wanaendelea bila ya kugeuka nyuma, na yeye, akingoja mauti, anamwandikia Krishna barua ya maisha yake. Chitra Banerjee Divakaruni alimpa Draupadi mapenzi ya siri kwa Karna katika riwaya ya mwaka 2008, na Kavita Kané mwaka 2013 akambunia Karna mke. Vitabu hivi vinauzwa katika viwanja vya ndege, na sioni ubaya wa kitabu kuuzwa. Lakini nimechoshwa na namna vingi vya aina yake vinavyomtoa shujaa wa kike akiwa mzuri, mwerevu, mwenye haki katika kila jambo, mwenye fikra za msichana wa ofisini Mumbai wa leo, kana kwamba mwanamke hana haki ya kudhulumiwa mpaka kwanza awe hana taksiri. Utendi haukumfanyia Draupadi fadhila hiyo. Kwa mujibu wa nuskha nyingi zinazosomwa na watu, siku ya kuchagua mume yeye ndiye aliyemkatalia Karna kwa sauti, mbele ya wafalme, kwa sababu ni mwana wa dereva wa gari la farasi. Nasi tunapomwona Karna akimtusi barazani tunajua dhuluma ile haikuanza siku ile.

Volga, mwandishi wa Kitelugu, aliifahamu siri hiyo. Katika Vimukta, kitabu kilichopata tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 2015, Sita aliyeachwa msituni anakwenda kumwona Surpanakha, dada wa Ravana, yule aliyekatwa pua na masikio kwa kumtamani Rama, na ambaye watazamaji humcheka katika maigizo ya kila mwaka ya Ramayana. Anamkuta katika bustani nzuri aliyoipanda kwa mikono yake, akiwa ametulia. Na malkia anajifunza subira kwa mwanamke ambaye ndugu wa mumewe alimkata uso.

Pia kuna wasioandika. Teejan Bai, aliyezaliwa mwaka 1956 katika kijiji cha Ganiyari, karibu na Bhilai, katika kabila la Wapardhi, alijifunza pandavani, yaani kuimba Mahabharata, kwa kumsikiliza babu yake. Wanawake wa zamani hizo, kama waliimba, waliimba wameketi. Mtindo wa kusimama na kuigiza ulikuwa wa wanaume. Yeye alisimama, jamii yake ikamtenga, akajijengea kibanda akaendelea. Mwenye kumtazama anamwona mkononi ameshika tambura yenye kishada cha manyoya ya tausi, na tambura hiyo, bila ya kuwekwa chini, inakuwa rungu la Bhima, kisha upinde wa Arjuna, kisha nywele za Draupadi zinazoburutwa. Sauti yake nzito inanguruma, inavunjika, inacheka, na mwanamke mmoja anakuwa Duhshasana na mburutwaji kwa pumzi moja. Mwaka 2019 serikali ya India ilimpa Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa kwa raia.

Nimekwisha kufika kwa Mahasweta Devi, mwandishi wa Kibengali ambaye kwangu mimi amelijibu swali la Draupadi kuliko wote, kwa kulitoa barazani. Katika hadithi yake fupi aliyoiita Draupadi, ya miaka ya 1970, shujaa ni Dopdi Mejhen, mwanamke wa kabila la Wasantal anayesakwa na jeshi kwa kushiriki katika uasi wa wakulima dhidi ya mabwana ardhi. Anakamatwa, ananajisiwa usiku kucha kwa idhini ya ofisa msomi. Na asubuhi anapopewa nguo ajisitiri aende mbele ya mkubwa, anaikataa, anatoka juani vivyo hivyo, akimlazimisha ofisa yule atazame kazi yake. Nguo isiyokwisha haikushuka, Krishna hakuja, na anayeogopa ni mwenye bunduki. Mwaka 2000 Heisnam Kanhailal aliifanya hadithi hii mchezo wa jukwaani katika jimbo la Manipur, mkewe Sabitri akiwa Dopdi, na watu wengi walikasirika; mwezi wa Julai 2004 wanawake 12 wa Manipur, wenye umri wa kuwa mama na bibi, walivua nguo mbele ya lango la ngome ya Kangla, iliyokuwa wakati huo makao ya jeshi mjini Imphal, wakidai insafu kwa mauaji ya Thangjam Manorama, aliyechukuliwa nyumbani kwake na askari.

Hadithi nyingine ya Mahasweta Devi, Kunti na Mnishadi, inarudi msituni. Utendi unasema kwamba Duryodhana aliwajengea Pandava nyumba ya lakiri ili awachome ndani yake, na kwamba usiku wa kutoroka kwao Kunti, mama yao, aliwafanyia Wabrahmani karamu, akaja mwanamke wa Kinishadi, watu wa msituni, pamoja na wanawe watano, wakala, wakalewa, wakalala. Nyumba ikachomwa. Asubuhi zikaonekana maiti sita, watu wakalia kwamba Kunti na wanawe wamekufa, na hila ikatimia. Utendi unawapa watu hao sita beti chache na hauwapi majina. Mahasweta Devi anamweka Kunti mzee msituni baada ya vita, akiungama kila siku dhambi moja inayomtafuna, nayo ni kumtupa mwanawe wa kwanza, Karna. Na mwanamke mmoja wa Kinishadi, mjane wa mmoja wa wale watano, anayekuja kila siku kumtazama, hatimaye anamuuliza kama hana dhambi nyingine anayoikumbuka. Kunti anafikiri. Hakumbuki.

Ndiyo kipimo changu. Kitabu kinachomwinua malkia na kumwacha mjakazi wake asiulizwe jina kimelijibu nusu ya swali, kwa kuwa Draupadi alipouliza alikuwa anapinga kufanywa mtumwa, na barazani mlikuwamo wajakazi ambao hakuna aliyewahi kuwaulizia. Wapo wasiopenda vipimo vya namna hii: Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa katika masomo yake insha ya A. K. Ramanujan inayohusu wingi wa Ramayana mwaka 2011, na hadithi ya Dopdi mwaka 2021. Kwa hiyo ninawaomba watarjumi wetu wa Kiswahili, ikiwa yupo anayetafuta la kufanya katika bahari hii, aziache kwanza riwaya nene za viwanja vya ndege na aanze na Kunti na Mnishadi, hadithi ambayo msomaji huimaliza kwa kikao kimoja.